Upepo Ulikuwa Mkali Kiasi Gani? Maswali Yenu ya Hali ya Hewa

Wasomaji wangu habari za siku. Mvua za kwanza zimeshuka huku nyanda za juu na kama kawaida zimekuja na upepo, radi na mawe, alafu baada ya hapo yakaja maswali yenu, mengi sana, karibu yote yanauliza jambo moja: hii ilikuwa kali kiasi gani? Nimechagua machache niyajibu vizuri. Mimi nimefundisha jiografia miaka mingi hapa Mbeya, nyumbani nina kopo la mvua na daftari lake, kwa hiyo mambo haya nayapenda na nayajibu kwa moyo wote.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu niko Uyole. Siku ile ya upepo mabati yangu yote ya upande wa nyuma yaling'oka pamoja na papi zake, bati moja tumelikuta kwa jirani wa tatu limejikunja kama karatasi. Ilikuwa kama dakika kumi tu, na mtaa wa chini yetu hawakuguswa kabisa. Mparachichi umevunjika matawi ila milingoti ya barabarani imesimama. Kwenye magrupu ya wasapu wanasema ulikuwa upepo wa kilomita 200 kwa saa, wengine wanasema kimbunga cha kategoria 3. Nani aliupima?

JIBU: Marahaba mama, na pole sana. Kuezuliwa paa wakati mvua ndo zinaanza ni mtihani, nashukuru Mungu hujaandika kwamba kuna mtoto aliyeumia.

Swali lako la mwisho ndo la msingi. Upepo unapimwa na anemomita, vile vikombe vinavyozunguka juu ya mlingoti, mtu wa kwanza kuvitengeneza kwa mtindo huo ni Thomas Romney Robinson wa Ireland mwaka 1846, na kwa utaratibu wa kimataifa inawekwa mita 10 kutoka chini, mahali pa wazi, mbali na nyumba na miti. Upepo ambao haukupita kwenye anemomita haujapimwa na mtu, umekadiriwa tu. Sasa upepo wenu umeshika mtaa mmoja umeacha wa pili, hata kama kuna kituo cha hali ya hewa kilomita chache kutoka kwenu inawezekana kabisa siku hiyo vikombe vyake vilizunguka polepole. Kwa hiyo hiyo 200 ya wasapu sijui mtu kaitoa kichwani au wapi, ila sio kwenye kifaa.

Kategoria nayo tuiache. Ile 1 mpaka 5 ni ya vimbunga vya baharini, waliitunga Wamarekani wawili, injinia Herbert Saffir na mtaalamu wa vimbunga Robert Simpson, mwanzoni mwa miaka ya 1970, na 1 inaanzia kilomita 119 kwa saa, 5 ni kuanzia 252. Kwa upande wetu wa bahari ya Hindi kituo kinachofuatilia vimbunga kiko kisiwa cha Réunion, nao wana ngazi zao za majina, kuna dhoruba ya wastani, dhoruba kali, kimbunga kuanzia kilomita 118, kimbunga kikali, na kuendelea. Kimbunga Hidaya kilichosogea mpaka pwani yetu Mei 2024 kiliingia kwenye ngazi hizo. Upepo wa dakika kumi wa Uyole ukiuweka humo ni sawa na kupima kitambaa kwa debe.

Kilichokupitia, kwa maelezo yako, ni upepo unaoanguka kutoka kwenye wingu la radi. Ndani ya wingu lile mvua na mawe vinapoza hewa, hewa ikipoa inakuwa nzito, inaporomoka, ikigonga ardhi inasambaa pande zote kama ndoo ya maji uliyoimwaga kwa nguvu sakafuni. Ndo mana kabla ya mvua yenyewe unasikia ubaridi wa ghafla na vumbi linakuja mbio. Aliyetufumbua macho kuhusu upepo huu ni Mjapani Tetsuya Fujita wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka 1945 alikwenda Nagasaki na Hiroshima kuangalia bomu lilivyoangusha vitu, akaona miti imelala kuelekea nje kama miale ya nyota, alafu miaka ya 1970 akiwa kwenye ndege juu ya misitu ya Marekani iliyoangushwa na upepo akaona mpangilio uleule. Hapo akajua kuna upepo unaoshuka na kupasuka chini.

Hii unaweza kuifanya mwenyewe mama, na nakuomba uifanye kabla watu hawajasafisha. Tembea na watoto kwenye mashamba ya jirani muangalie mahindi, migomba na matawi yamelala kuelekea wapi. Yakiwa yametawanyika kwenda nje kutoka sehemu moja, au yote yameelekea upande mmoja, ni huo wa kushuka. Yakiwa yamelala kwa kuzungukana, mengine huku mengine kule kwenye njia nyembamba, hapo kulikuwa na upepo wa kuzunguka. Piga picha, andika tarehe na saa.

Sasa kasi. Kuna ngazi ya zamani sana ambayo bado inafanya kazi, ya Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyeiandika mwaka 1805 kwa kuangalia matanga ya meli, baadae ikaletwa nchi kavu. Inaanzia 0, moshi wa jikoni unapanda wima, mpaka 12. Ngazi ya 4 vumbi na makaratasi vinaruka, ni kilomita 20 mpaka 28 kwa saa. Ya 6 mwavuli unakushinda na nyaya za umeme zinapiga mluzi, 39 mpaka 49. Ya 8 vijiti vinakatika mitini na kutembea kwenda mbele ni kazi, 62 mpaka 74. Ya 9, 75 mpaka 88, mapaa yanaanza kuharibika. Ya 10 miti inang'oka na mizizi, 89 mpaka 102. Wewe mparachichi umevunjika matawi, milingoti imesimama, hivyo mimi ningeandika kwenye daftari 8 au 9, yani kati ya 60 na 90 hivi, na pembeni ningeandika kwamba ni makadirio. Sina ugomvi na 200 yenyewe, upepo wa namna hii ulishawahi kupimwa kilomita 240 kwa saa kwenye uwanja wa ndege wa Andrews, Marekani, tarehe 1 Agosti 1983, dakika chache baada ya ndege ya rais Reagan kutua. Ila upepo wa hivyo hauachi mlingoti umesimama.

Utaniuliza, kama ni 80 tu mbona bati limejikunja? Kwa sababu nguvu ya upepo haipandi sambamba na kasi, kasi ikizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne. Kwa hewa yetu hii ya Mbeya, ambayo ni nyepesi kidogo kuliko ya pwani, upepo wa kilomita 50 unasukuma kila mita ya mraba kama uzito wa kilo 10, ukifika 100 ni karibu kilo 40. Bati la mita tatu lina kama mita za mraba mbili na nusu, fanya hesabu uone, na kwenye kingo na kona za paa mvuto wa kwenda juu unazidi hapo. Bati la geji 30 mtoto wa darasa la saba analibeba kichwani! Kinacholishikilia ni msumari, na umesema papi zimeondoka na mabati, maana yake misumari ya bati ilishika vizuri ila papi hazikufungwa vya kutosha kwenye kenchi. Mwambie fundi safari hii kila papi ifungwe kwenye kenchi kwa waya au utepe wa chuma, na kenchi yenyewe ifungwe ukutani, hasa upande wa nyuma.

Hapo ndo unaona kwa nini uharibifu peke yake ni rula mbovu. Fujita mwaka 1971 alitunga ngazi ya kukadiria kasi ya tonado kwa kuangalia kilichobomoka, lakini watu wakaona nyumba dhaifu inafanya upepo wa kawaida uonekane wa kutisha, kwa hiyo tangu 2007 Marekani wanatumia ngazi iliyoboreshwa yenye aina 28 za vitu vya kukagua, majengo na miti, na kwa kila kimoja wanaangalia kwanza kilijengwaje.

SWALI: Kamwene mwalimu. Huku kwetu Makambako upepo ni maisha ya kila siku, simu yangu inaandika 30, 40, na hakuna hata ndoo inayoanguka. Ila nikisikia TMA, wale wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wametoa tahadhari ya upepo wa kilomita 40 kwa saa naona watu wa Dar wameshtuka. 40 ni kali au sio kali?

JIBU: Kamwene kaka. Hili swali nimelipenda kuliko yote ya mwezi huu.

Kwanza ile 40 mara nyingi wanaisema kwa ajili ya pwani na bahari, na huwa inaambatana na mawimbi ya mita 2. Aliye kwenye ngalawa na mawimbi ya mita 2 hana pa kujificha. Pili, TMA wanapotoa rangi, njano ya angalizo, chungwa ya tahadhari, nyekundu ya tahadhari kubwa, hawaangalii kasi peke yake, wanaangalia uwezekano wa jambo kutokea na athari zake kwa watu wa pale. Kwa hiyo 40 ileile inaweza kuwa na rangi sehemu moja na isiwe na rangi sehemu nyingine, na wako sahihi.

Alafu kuna hili la wastani na pigo. Kasi ya upepo inayotangazwa kwa kawaida ni wastani wa dakika 10 (Marekani kwa vimbunga wao wanatumia dakika 1, ndo mana namba zao huwa kubwa kidogo kwa kimbunga kilekile). Ndani ya hizo dakika 10 kuna mapigo ya ghafla ya sekunde 3 hivi, na pigo linaweza kuuzidi wastani kwa nusu yake au zaidi. Bati linang'olewa na pigo, wastani haung'oi kitu. Ukisikia namba uliza kwanza ni ipi kati ya hizo mbili.

Sasa kwenye kiini cha swali lako. Kali kulinganisha na nini? Ulaya wana dhoruba kubwa za upepo wakati wa baridi, zinapita juu ya nchi tano sita kwa siku mbili, na wataalamu wao wamehangaika sana kutafuta namba moja ya kusema hii ilikuwa mbaya kuliko ile. Hubert Lamb wa Uingereza alichukua kasi kubwa kabisa, akaizidisha yenyewe mara tatu, yani kipeo cha tatu, akazidisha na eneo lililopigwa na saa ilizodumu. Hiyo inakupa ukubwa wa dhoruba yenyewe. Baadae, 2003, watafiti wawili wa Ujerumani, Klawa na Ulbrich, wakaongeza kitu ambacho mimi naona ni cha busara sana: kwa kila mahali tafuta kwanza ile kasi ambayo inazidiwa asilimia 2 tu ya siku, kama siku saba kwa mwaka. Chini ya hapo usihesabu kabisa, kwa sababu miti na nyumba za pale zimekua na upepo huo, zimeuzoea. Ukizidi hapo ndo uanze kuhesabu umezidi kwa sehemu gani ya kiwango cha pale, ipandishe kipeo cha tatu, alafu jumlisha maeneo yote.

Tuchukue mfano, namba ni za kufundishia tu. Tuseme kiwango cha Makambako ni 60 na cha mtaa fulani bondeni Mbeya ni 40. Unapita upepo wa 80 sehemu zote mbili. Makambako umezidi kiwango kwa theluthi moja, theluthi kipeo cha tatu ni moja ya ishirini na saba. Mbeya umezidi kwa kiwango kizima, moja kipeo cha tatu ni moja. Upepo ni uleule, anemomita zote mbili zimeandika 80, lakini kwa hesabu hii mtaa wa Mbeya umepigwa mara 27 zaidi. Ukienda kuangalia kesho yake unaelewa, Makambako kuna uzio umelala, Mbeya kuna watu wamelala shuleni.

Kwa hiyo kaka 40 kwako sio kali, kwa mtu mwingine ni kali, na wote mmesema kweli. Upepo wa huko kwenu mafundi wameshaujenga ndani ya nyumba zao bila hata kuandika, angalia paa zenu zilivyo fupi pembeni. Na ndo upepo huohuo wa ukanda wenu ambao watu wa umeme wanautafuta, kule Mufindi mitambo mitatu ya Mwenga inazunguka. Wao kasi ya kila siku ni mali, pigo la ghafla ni hasara, mitambo ya namna ile upepo ukizidi sana inajizima yenyewe.

SWALI: Mwalimu mambo, mimi niko Soweto hapa Mbeya. Siku ya upepo simu ilikuwa inaonyesha 14 km/h wakati mabati yanaruka. Hizi programu ni za uongo?

JIBU: Poa mdogo wangu. Sio za uongo, unaziuliza kitu ambacho hazikioni. Namba ile karibu kila mara haijatoka kwenye kifaa hapo Soweto, imetoka kwenye kompyuta inayokokotoa hewa ya dunia nzima kwa kuigawa kwenye vigae, na kigae kimoja kina upana wa kama kilomita 9 kwa mifumo mizuri, mingine 25. Upepo wa kushuka ambao Fujita aliuita mdogo hauzidi kilomita 4 kwa upana. Unazama ndani ya kigae kimoja, simu inakupa wastani wa kigae chote. Itumie kujua kama mchana kutakuwa na mawingu ya radi, ila ukiona wingu jeusi limetua juu ya Loleza na ubaridi umekuja ghafla, anua nguo ingia ndani, usisubiri simu.

SWALI: Mwalimu shikamoo, niko Kyela. Kivuko chetu injinia alisema kimejengwa kuhimili mafuriko ya miaka 100. Kimesombwa, kikarekebishwa, kikasombwa tena ndani ya miaka mitano. Miaka 100 imepita lini?

JIBU: Marahaba. Uchungu wako naufahamu, kwa mtu anayevuka kwenda kuuza kakao kila wiki hiyo sio hesabu ya vitabuni.

Jina lenyewe ndo linapotosha watu. Mafuriko ya miaka 100 maana yake ni mafuriko ambayo kila mwaka yana nafasi 1 kati ya 100 ya kutokea. Chukua maharage 100 kwenye mfuko, moja ni jekundu. Kila mwaka unachovya mkono, unatoa moja, unaangalia, unalirudisha. Mwaka huu ukitoa jekundu halijaisha, umelirudisha, mwakani nafasi ni ileile. Kwa hesabu hiyo ndani ya miaka 30 nafasi ya kuyaona angalau mara moja ni asilimia 26, ndani ya miaka 100 yenyewe ni asilimia 63 tu. Kuna watu watamaliza karne hawajayaona na kuna watu watayaona wakiwa bado wanalipa mkopo. Upepo wa kusanifia majengo nao unapangwa hivyohivyo, wengi wanatumia wa miaka 50, na nyumba ikisimama miaka 50 nafasi ya kukutana nao ni asilimia 64. Hesabu za namna hii zina deni kubwa kwa Emil Gumbel, Mjerumani aliyetumia maisha yake kuhesabu vitu vinavyotokea kwa nadra.

Lakini mara mbili ndani ya miaka mitano? Kwa mfuko wa maharage 100 hiyo ni kama nafasi moja katika elfu. Inaweza kutokea, ila mimi nikiona hivyo naanza kuushuku mfuko. Je, walikuwa na rekodi za mto za miaka mingapi walipokokotoa? Ukiwa na kumbukumbu za miaka 15 na unataka kusema kitu cha miaka 100, unachora mstari mrefu kutoka kwenye penseli fupi. Je, huko juu Rungwe maji yanakotoka, mashamba yamepanda mlima kiasi gani tangu hesabu ifanyike? Mvua ileile ikianguka kwenye msitu na ikianguka kwenye udongo mtupu inafika kwenu kwa kasi tofauti kabisa. Na hali ya hewa yenyewe inabadilika, hewa yenye joto inabeba mvuke zaidi. Mkienda kwenye mkutano wa kijiji msiulize miaka 100 imepita lini, ulizeni rekodi zilizotumika ni za kuanzia mwaka gani mpaka mwaka gani. Hilo swali injinia mzuri atalifurahia na atalijibu.

SWALI: Kwa nini tetemeko lina rikta na upepo hauna rikta? (Msomaji, Tunduma)

JIBU: Kwa sababu tetemeko lina chanzo kimoja na muda mfupi, ardhi inakatika, nishati inatoka, unaweza kuipa namba moja kama Charles Richter alivyofanya 1935. Lile kubwa la Rukwa la Desemba 1910 wanalipa 7.4 na namba hiyo ni moja kwa Sumbawanga na kwa Mbeya. Dhoruba inazaliwa, inatembea, inakua, inachoka, kila mahali inakuwa kitu kingine.

SWALI: Mwalimu habari, mimi nalima viazi Makete. Asubuhi moja ya Julai viazi vyote vya bondeni viliungua na barafu wakati redio ilisema kiwango cha chini ni nyuzi 3. Vya kwenye mteremko vilipona. Barafu si ni nyuzi sifuri?

JIBU: Nzuri, na pole kwa shamba. Redio haikukosea. Kipimajoto cha kituo kinakaa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, kama mita moja na nusu kutoka ardhini, kwenye kivuli. Kiazi chako kinakaa chini. Usiku usio na mawingu wala upepo ardhi inapoteza joto lake moja kwa moja kwenda angani, na hewa iliyogusana nayo inapoa kuliko ya juu, tofauti ya nyuzi tatu nne ni ya kawaida kabisa. Alafu hewa baridi ni nzito, inatiririka kama maji inajaa bondeni, ndo mana mteremko umepona.

Nunua kipimajoto cha kawaida, kifunge kwenye kijiti usawa wa majani ya viazi bondeni, kingine mteremkoni, usome alfajiri kabla jua halijagusa, andika pia redio ilisemaje siku hiyo. Ukifanya Juni mpaka Agosti utapata tofauti yako, na msimu ujao wakisema nyuzi 4 wewe utakuwa unajua bondeni kwako ni ngapi.

SWALI: Ugonile mwalimu. Mimi ni mwalimu mwenzio, shule ya msingi karibu na Tukuyu, mke wangu anatoka Ismani. Huwa tunabishana, huku mvua ya milimita 50 kwa siku watu wanasema imenyesha, kwao ni habari ya mwaka. Nataka wanafunzi wapime wenyewe, kifaa cha dukani ni ghali.

JIBU: Ugonile mwalimu. Mpe salamu shemeji, mwambie yuko sahihi na wewe uko sahihi, ni lile la Makambako kwa sura ya mvua. TMA wanaita mvua kubwa ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na hicho ni kipimo kimoja kwa nchi nzima. Tukuyu inapata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, Ismani haifiki nusu ya hapo, kwa hiyo 50 ya Ismani inakula fungu kubwa zaidi la mwaka. Kwa ukame na unyevu wa msimu kuna kipimo kilichotungwa Colorado mwaka 1993 na McKee na wenzake, wanaita SPI, kinalinganisha mvua ya msimu na historia ya mahali palepale, sifuri ni kawaida ya pale, ikishuka mpaka -2 au chini yake ni ukame uliopitiliza, iwe Tukuyu iwe Ismani. Na kama wanafunzi watauliza rekodi ya dunia, Foc-Foc kisiwani Réunion, Januari 1966, kimbunga Denise kilishusha milimita 1,825 ndani ya saa 24. Karibu mwaka mzima wa Tukuyu kwa siku moja!

Kopo ni rahisi. Milimita 1 ni lita 1 kwenye kila mita ya mraba, basi. Tafuta chombo chenye mdomo wa duara, kuta zilizosimama wima, upana wa mdomo sentimita 11 na milimita 3. Mdomo wa hivyo una sentimita za mraba 100, kwa hiyo kila mililita 10 za maji utakazokuta ndani ni milimita 1 ya mvua, na mililita unapima kwa bomba la sindano la duka la dawa, lisilo na sindano yenyewe. Chombo kikiwa na upana mwingine wanafunzi wakokotoe eneo, ni hesabu nzuri ya duara. Weka faneli juu yake yenye mdomo huohuo maji yasikauke, kifunge kwenye nguzo mahali pa wazi, mbali na miti na mapaa, umbali angalau mara mbili ya urefu wa kitu kilicho karibu. Mvua ya mawe ikianguka acheni iyeyuke ndo mpime, ila kwanza mtoto mmoja aokote jiwe kubwa kuliko yote alipime kwa rula upana wake, sio kusema kama yai au kama gololi.

Kuna kitu kimoja kinawafurahisha sana watoto: milimita 50 kwenye paa la darasa la mita 10 kwa 6 ni lita 3,000, simtanki tatu za lita elfu. Waambie wazihesabu zilipokwenda.

Msome kila siku saa 3 asubuhi, ndo saa ya vituo, na mvua mtakayoikuta iandikwe kwamba ni ya saa 24 zilizopita. Jumamosi na Jumapili pia, pangeni zamu kwa wanaokaa karibu na shule, na likizo msiache. Siku isiyo na mvua muandike 0, msiache wazi, kwa sababu atakayefungua daftari hilo baada ya miaka kumi akakuta nafasi wazi hatajua kama hakukunyesha au mwenye zamu alikuwa amesafiri.